Kwa nini soka hunoga kwenye runinga na mpira wa wavu hunoga uwanjani

Swali: "Habari za kazi, kocha. Sisi ni watu 12 hadi 14, wanawake kwa wanaume, na wengi wetu hatujawahi kufundishwa mchezo wowote. Soka tunaipenda mno, kila mwisho wa wiki tunaitazama pamoja. Tukaamua kuicheza wenyewe, saba kwa saba, kwenye nusu ya uwanja mkubwa. Wiki chache tu, watu watano hawaji tena. Siku moja tukafunga wavu tukacheza voliboli, kila mtu akafurahi, ingawa hakuna hata mmoja wetu anayekaa kuitazama kwenye runinga. Sasa nayo imeanza kupooza: mpira unaanzishwa, unadondoka, unaokotwa, unaanzishwa tena. Je, kuna michezo ya kucheza na mingine ya kutazama tu? Sisi tushike upi?"

Jibu: Nzuri, karibu sana. Tofauti hiyo ipo kweli, na imejengwa ndani ya sheria za michezo yenyewe, kwa hiyo msijilaumu kwamba hamna moyo wa mazoezi. Mchezo humnogea mchezaji kwa mambo matatu: anaugusa mpira mara ngapi, akikosea atasubiri muda gani kabla ya kupata nafasi nyingine, na ujuzi kiasi gani unahitajika ili mchezo uweze kuchezeka. Mtazamaji hana shida na hayo. Yeye anataka kila tukio liwe na uzito, aione hatari ikija kabla haijafika, na asiweze kubashiri mwisho mapema. Mara nyingi kinachomshibisha mmoja ndicho kinachomnyima mwenzake.

Anzeni na soka yenu. Mechi ni dakika 90, lakini ukiondoa mipira iliyotoka, faulo, kona zinazosubiriwa na wachezaji wanaobadilishwa, kwa kawaida mpira hauwi mchezoni zaidi ya dakika 60 hivi. Gawa kwa wachezaji 22: kila mmoja hapati hata dakika tatu za kuwa na mpira. Muda uliobaki anakimbia, anajipanga, anaziba njia, anaomba pasi isiyokuja. Mtazamaji macho yake yako kwenye mpira muda wote. Aliyekaa kwenye kiti anaupata mpira mzima, aliye uwanjani anapewa sehemu moja ya 22. Mchezaji aliyefundishwa hufurahia hata dakika asizokuwa na mpira, kwa sababu anajua kwa nini amesogea hatua tatu kulia. Asiyejua, kwake hizo ni mbio tu, tena mbio za kusimamasimama ambazo huchosha kuliko za mfululizo.

Halafu kuna magoli. Kombe la Dunia la 2022 lilikuwa na magoli 172 katika mechi 64, yaani hayafiki matatu kwa mechi. Uchache huo ndio unaomkalisha mtu dakika 90 bila kunyanyuka: timu dhaifu inaweza kuzuia siku nzima, ikapata kona moja, ikashinda. Lakini uchache ukizidi, hata mtazamaji huchoka. Kombe la Dunia la 1990 lilikuwa na magoli 115 katika mechi 52, wastani wa 2.21, na watu walikinai kuona mabeki wakirudisha mpira kwa golikipa naye akiudaka na kupoteza muda. Mwaka 1992 sheria ikamkataza golikipa kuudaka mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake. Sheria hiyo imefanya kazi nzuri sana, lakini ililenga mchezo unaotazamwa. Kwenu ninyi haibadilishi kitu.

Tofauti nyingine ni ya pembe ya kuonea. Kamera iko juu, pembeni, katikati ya uwanja. Kutoka pale unaona winga yuko peke yake na unashangaa kwa nini hapewi pasi. Aliye na mpira haoni hivyo. Yeye, hasa akiwa mgeni wa mchezo, macho yako chini kwenye mguu wake, na akiinua kichwa anakutana na ukuta wa miili. Ndiyo maana watu wanaoijua soka vizuri kwa kuitazama hukatishwa tamaa haraka wakianza kuicheza: akili inaona pasi ambayo mguu hauwezi kuipiga.

Saba kwa saba katika nusu uwanja, kwa watu wasiofundishwa, huharibika kwa njia ileile karibu kila mahali. Wawili wanaojua wanachukua mpira, wanapiga chenga hadi wanyang'anywe, mpira unakwenda kwa wawili wa upande wa pili, nao wanafanya vilevile. Wanne hadi sita wanabaki pembeni. Hao ndio watano wenu waliopotea. Kuwaambia wale wawili watoe pasi hakusaidii sana, kwa kuwa nafasi ni kubwa na mwenzao yuko mbali, na pasi ya mita 20 ni ngumu. Punguzeni watu na uwanja.

Gaweni timu za watu wanne. Wanne kwa wanne, uwanja wa mita 30 kwa 20, pungufu kidogo kama wengi ni wazito wa mbio. Msiweke golikipa. Goli liwe koni mbili zenye nafasi ya mita moja na nusu hadi mbili kati yake. Hapo mpira unagawanywa kwa watu wanane, na hesabu ni rahisi: dakika 20 za mchezo huu zinampa kila mtu karibu muda uleule wa kuwa na mpira ambao mchezaji wa kulipwa anaupata katika mechi nzima. Mkiwa 12, cheza raundi za dakika sita, timu ya tatu ipumzike kisha iingie. Mkifika 16, endesheni mechi mbili kwa wakati mmoja, wala msishawishike kurudi kwenye mechi moja kubwa kwa sababu eti ndiyo soka halisi.

Mpira nao una sehemu yake. Wa futisali, yaani soka ya ukumbini ya watano kwa watano, ni saizi ya 4, na umetengenezwa usidunde sana: ukiangushwa kutoka mita 2 unatakiwa uruke kati ya sentimita 50 na 65 tu. Kwa mtu ambaye hajui kutuliza mpira, hiyo ni nafuu kubwa. Mpira wa kawaida uliojazwa sana ukimgonga mgeni mguuni hukimbia mita tatu, adui anauchukua, na aliyeupoteza anaanza kujificha asipewe tena. Wa futisali unabaki karibu na mguu, anapata nafasi ya pili. Na kama bado kuna mmoja anayewapita wote, wekeni sharti moja: goli halihesabiwi mpaka wachezaji wote wanne wa timu inayofunga wawe wamevuka mstari wa katikati. Linamlazimisha asubiri wenzake, na akisubiri atatoa pasi. Naliona bora kuliko kumhesabia idadi ya kugusa mpira, maana kuhesabu kunaleta ubishi kila dakika.

Sasa voliboli, ambayo ndiyo mfano bora wa mchezo mtamu kwa mchezaji. Hebu tazama sheria zinavyofanya kazi. Mpira haushikwi, kwa hiyo hakuna wa kuuficha. Timu ina miguso yake mitatu na mtu mmoja haruhusiwi kuugusa mara mbili mfululizo, kwa hiyo hata bingwa wa kundi lazima ampe mwenzake. Mzunguko wa nafasi unampeleka kila mtu kuanzisha mpira na kila mtu mbele ya wavu. Upande mmoja wa uwanja ni mita 9 kwa 9 na kuna watu sita humo, kwa hiyo mpira hauko mbali nawe kamwe. Hakuna kugongana na wapinzani, ndiyo maana wanawake na wanaume, warefu na wafupi, wanaweza kucheza pamoja bila mtu kuogopa kuumizwa. Na ukikosea umepoteza pointi moja kati ya 25. Baada ya sekunde chache mpira mwingine unaanzishwa. Katika soka, mshambuliaji aliyekosa goli anaweza kukaa nusu saa akiliwaza.

Mbona basi haiwavutii kwenye runinga? Kwa sababu utamu wake mwingi umejificha mahali padogo na muda mfupi. Katika ngazi ya juu ya wanaume, mpira unaoanzishwa kwa kuruka unaweza kupita kilomita 120 kwa saa, na pointi nyingi huisha baada ya shambulizi moja au mawili. Kazi kubwa ya akili hufanywa na seta, yule anayeugusa mpira mara ya pili: anaficha hadi dakika ya mwisho kama ataupeleka mbele, katikati au nyuma yake, na wazuiaji wa upande wa pili wanasoma mabega na mikono yake. Asiyejua hilo anaona tu mpira ukipandishwa na mtu mrefu akiupiga. Wasimamizi wa mchezo wamejitahidi kumsaidia mtazamaji. Zamani, katika seti nyingi, timu iliyoanzisha mpira ndiyo pekee iliyoweza kupata pointi, na mechi ingeweza kuvutana bila kikomo. Mwaka 1998 ikaamuliwa kila mpira uzae pointi, na mwaka huohuo libero, mlinzi mwenye jezi ya rangi tofauti, akaingizwa ili mipira mingi iokolewe na mvutano urefuke.

Mkitaka kuionja, tazameni seti moja mkimwangalia seta peke yake. Kabla hajaugusa mpira, kila mmoja ataje ataupeleka wapi. Angalieni pia pasi ya kwanza: ikimfika mahali aliposimama karibu na wavu, ana machaguo yote, ikimkimbiza nyuma mita tatu, machaguo yanapungua na wazuiaji wanajua. Baada ya seti moja ya namna hiyo mchezo unafunguka.

Tatizo lenu la kupooza ni la ujuzi wa chini kabisa unaohitajika, na hapo voliboli ni kali. Soka mbovu bado ni mchezo, watu wanakimbiza mpira. Voliboli mbovu haipo, mpira ukidondoka kila kitu kimesimama. Na mchawi wake karibu kila mara ni uanzishaji. Anayeanzisha yuko peke yake, ametulia, ana muda. Anayepokea ana kama sekunde moja ya kuamua. Mtu mmoja kwenu akijifunza kuupiga kwa nguvu kutoka juu, atapata pointi nane mfululizo na wenzake 11 watakuwa wamesimama tu. Fanyeni hivi.

Anzisheni kwa mkono kutoka chini, mtu akiwa ndani ya uwanja, mita nne au tano kutoka kwenye wavu, na lengo lake liwe kumpa mpinzani mpira unaopokeleka. Mtu akishinda pointi tatu mfululizo, aachie mwenzake aanzishe. Kwa wiki mbili za kwanza ruhusuni mpira udunde chini mara moja kila upande kabla ya kuguswa. Wavu wa kimataifa ni mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Ninyi wekeni 2.24, na kama hakuna anayeweza kuruka na kupiga, shusheni hadi 2.10. Chezeni wanne kwa wanne katika uwanja wa mita 12 kwa 6 badala ya 18 kwa 9. Timu zote mbili zikiweza kufikisha miguso mitatu katika nusu ya mipira, rudisheni mstari wa kuanzishia nyuma mita moja. Msirudishe kabla.

Halafu angalieni mikono ya watu baada ya mchezo. Ngozi ya ndani ya mikono ikiwa nyekundu na inauma, mpira umejazwa kupita kiasi. Kiwango rasmi ni kilo 0.30 hadi 0.325 kwa sentimita ya mraba, ambacho ni kidogo mno ukilinganisha na mpira wa soka, na watu wengi huujaza mpaka uwe jiwe. Mgeni akiumia mara mbili ataanza kukunja viwiko au kuvuta mikono mpira unapofika, na pasi inakwenda ovyo. Akipokea, viwiko vimenyooka, vidole gumba viko sambamba vikielekea chini, mpira unagonga sehemu bapa juu kidogo ya kifundo cha mkono, si kwenye ngumi. Nguvu inatoka kwenye magoti. Anayepunga mikono kama anayeteka maji ataupeleka mpira nyuma ya kichwa chake.

Mpira wa kikapu ni mmoja wa michezo michache inayonoga pande zote mbili, ingawa haukuzaliwa hivyo. Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, mechi nzima, kwa sababu timu ingeweza kushikilia mpira bila kurusha. Mwaka 1954 ligi ya NBA ikaleta saa ya sekunde 24 za kushambulia. Ile saa ilimwokoa mtazamaji, na mchezaji akafaidika pia, kwa kuwa mpira ukawa unabadilisha mikono kila mara. Kwenu, ugumu wake ni ringi iliyo mita 3.05 kutoka chini, isiyomhurumia mgeni, pamoja na urefu na msukumano chini ya kapu. Mkiutaka, chezeni watatu kwa watatu kwenye kapu moja, kama ule wa Olimpiki: uwanja wa mita 15 kwa 11, dakika 10 au pointi 21, kinachotangulia. Mkiona mmoja anadunda mpira muda wote, katazeni kudunda kabisa. Mtakachopata kinakaribia netiboli.

Na netiboli ninaitetea kwa nguvu kwa makundi ya mchanganyiko, hata kwa wanaume wanaodhani haiwahusu. Mpira haushikwi zaidi ya sekunde 3, hakuna kukimbia nao, na mlinzi anayetaka kuuzuia lazima asimame sentimita 90 kutoka kwa mwenye mpira. Kila nafasi kati ya saba ina eneo lake isiloruhusiwa kutoka, kwa hiyo hodari hawezi kuuchukua mchezo wote. Akifika kwenye mstari, lazima atoe. Kasoro yake ni kwamba mfungaji na mlinzi wa goli wanaweza kukaa muda mrefu bila kazi mpira ukiwa upande wa pili. Dawa ni kubadilishana nafasi kila robo.

Mpira wa mikono nao msiupuuze. Kurusha na kudaka watu wengi wanakujua tangu utotoni, na magoli ni mengi, mara nyingi zaidi ya 20 kwa kila timu. Shida ni golikipa, anayepigwa mpira kutoka mita sita. Tumieni mpira laini.

Kriketi na besiboli ziko mwisho mwingine kabisa. Kwa mtazamaji ni pambano la mtu na mtu linalojirudia, na kila urushaji una mashaka yake. Kwa mchezaji ni kusubiri. Mpigaji wa kriketi anaweza kutolewa kwa mpira wa kwanza kabisa, na hapo siku yake ya kupiga imekwisha. Ligi zenyewe zimeona kwamba hata mtazamaji ana kikomo: kriketi ya ova 20, yaani mipira halali 120 kwa kila timu, ilianzishwa Uingereza mwaka 2003, na ligi kuu ya besiboli ya Marekani ikaweka saa kwa mrushaji mwaka 2023, sekunde 15 au 20, mechi zikashuka kutoka saa tatu na ushei hadi saa mbili na dakika 40 hivi. Mkitaka kuonja kriketi, pigeni kwa jozi: kila jozi inapata ova tatu hata kama imetolewa, na kila kutolewa kunapunguza mikimbio (pointi za kriketi) mitano.

Raga ya saba kwa saba ni tamu sana kuitazama, dakika saba kila kipindi, nafasi tupu kila mahali. Uwanja ni uleule wa watu 15, na nafasi hiyo tupu inayowapendeza macho ndiyo itakayowamaliza pumzi katika dakika ya tatu. Kuna raga ya kugusa, sita kwa sita, ambapo badala ya kuangushwa mtu anaguswa tu, na timu ikiguswa mara sita inaachia mpira. Hiyo mnaiweza.

Kwa hiyo kwenu: voliboli iliyorekebishwa iwe mchezo mkuu, na soka ya wanne kwa wanne siku moja kati ya tatu, ili wale wawili hodari nao wasiondoke. Pangeni dakika 75. Kumi za kupasha mwili, 15 za kupokea na kupitisha mpira wawili wawili wakiwa mita nne, 50 za mchezo. Timu zipangwe upya kila siku, na apange mtu asiye hodari. Wakitokea watu 13, msimweke yeyote akiba: kwenye voliboli timu moja iwe na watu watano na mzunguko wake uwe na nafasi moja nje ya mstari, mtu aingie kila timu inapozunguka, kwenye soka, wa 13 ashambulie daima na timu yenye mpira, akivaa kizibao cha rangi yake peke yake, na abadilishwe kila raundi.